Haidroksiklorokwini, methotreksati au prednisoloni: uchague ipi mafuta ya damu yakiwa juu?

Karibu kila wiki kuna mtu anayerudi kwenye dirisha la dawa ninapohudumu na boksi mkononi. "Dada, mmenipa dawa ya malaria, mimi naumwa viungo." Namwambia hakuna kosa, ndiyo dawa aliyoandikiwa, na macho yake yananionyesha kwamba hajaniamini. Simlaumu. Aliyekulia ukanda huu kabla ya miaka ya 2000 anaikumbuka klorokwini vizuri: ule uchungu uliobaki kooni hata ukilamba sukari, na ule muwasho wa usiku kucha, unajikuna weee na kipele hukioni. Kenya iliiondoa kwenye tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998, Tanzania Bara ikafuata 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Leo ukikutwa na malaria unapewa dawa mseto, na klorokwini imebaki hadithi ya wakubwa.

Ukoo wake haujafa, hata hivyo. Haidroksiklorokwini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plaquenil na hapa nitaiita haidroksi kwa ufupi, ni mdogo wake klorokwini aliye mpole zaidi kwa mwili. Iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1955. Mlango wa kuingilia kwenye magonjwa ya viungo ulifunguliwa na vita: baadhi ya askari wa Vita Kuu ya Pili waliokuwa wakimeza mepakrini kujikinga na malaria waliona vipele vyao vya ngozi na maumivu ya viungo yakipungua, ingawa dawa hiyo hawakupewa kwa ajili ya hayo. Mwaka 1951 daktari Mwingereza Francis Page akaandika kwenye jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, aliowatibu kwa mepakrini. Tangu hapo dawa za malaria zikawa na kazi ya pili.

Kazi ya tatu ilionekana kwa pembeni tu. Mwaka 1990 Daniel Wallace na wenzake wa Los Angeles waliripoti kwamba wanawake wenye baridi yabisi (viungo kuvimba kinga ya mwili ikivishambulia) au lupasi waliokuwa wakitumia haidroksi walikuwa na kolesteroli na trigliseridi za chini kuliko wenzao wasioitumia, hata wale waliokuwa wakimeza steroidi (kundi la prednisoloni), ambazo kwa kawaida hupandisha mafuta. Habari hiyo imesambaa, na sasa inanirudia dirishani kwa sura nyingine: "Nimesikia hii inashusha lehemu. Kwa hiyo niache zile nyingine, nibaki na hii?"

Makala hii ni kwa ajili ya muulizaji huyo. Ana karatasi mbili mkononi, moja inasema baridi yabisi au lupasi, nyingine ni ya kipimo cha mafuta yenye nyota pembeni ya namba kadhaa. Mbele yake kuna dawa tatu zinazotajwa sana kwenye kliniki zetu. Nitazipitisha kwenye mizani ile ile. Uamuzi wa mwisho mtaufanya wewe na daktari wako, lakini ni vizuri uingie chumbani kwake ukijua cha kuuliza.

Mizani yenyewe

Cha kwanza ni mafuta, na hapa tuzitenganishe namba tatu. LDL ndiyo kolesteroli inayojipachika kwenye kuta za mishipa. HDL ndiyo inayosaidia kuyaondoa mafuta hayo. Trigliseridi ni mafuta ya akiba, yanayopanda upesi kwa wanga mwingi, pombe, kisukari na baadhi ya dawa.

Cha pili ni ugonjwa wenyewe: dawa inautuliza kiasi gani, na kwa muda gani. Cha tatu ni ulinzi, yaani vipimo unavyopaswa kufanya ili dawa isikudhuru. Cha nne ni uzazi, kwa sababu lupasi hupenda wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Cha tano ni upatikanaji. Dawa nzuri isiyopatikana wilayani kwako ni nzuri kwa wengine.

Kabla ya kupima chochote kwenye mizani hiyo, kuna jambo moja linalowachanganya hata wenye elimu. Mwili unapowaka ndani kwa baridi yabisi, hali ambayo madaktari huiita mchochota, kolesteroli hushuka. Ndiyo, hushuka. LDL inakwenda chini, HDL nayo inakwenda chini, na mtu anaonekana msafi kwenye karatasi wakati mishipa yake iko hatarini kuliko ya jirani yake mzima. Wataalamu wa Ulaya hupendekeza hatari ya moyo ya mgonjwa wa baridi yabisi izidishwe kwa 1.5 baada ya kukokotolewa kwa njia ya kawaida. Kisha ugonjwa unatulia, kolesteroli inapanda kurudi kwenye kiwango chake cha asili, na mgonjwa anailaumu dawa iliyomponya.

Lupasi ina tabia yake. Ikichachamaa, trigliseridi hupanda na HDL hushuka hata kabla mtu hajameza kidonge kimoja. Ikigusa figo hadi protini ikaanza kutoka kwenye mkojo, kolesteroli inaweza kuruka juu sana, na hapo dawa ya kwanza ya mafuta ni kutibu figo. Kwa hiyo kipimo kilichofanywa wiki uliyolazwa usikitumie kama msingi. Subiri ugonjwa utulie, upime tena.

Haidroksi

*Kwenye mafuta.* Inashusha, lakini kwa kiasi. Jaribio moja dogo la Boston, lililoripotiwa mwaka 2014, liliwachukua watu wenye baridi yabisi wasio na kisukari, wakapewa haidroksi kwa wiki 8 na dawa bandia kwa wiki 8, wenyewe bila kujua wanameza ipi. LDL ilishuka kwa kama miligramu 12 kwa desilita, ambayo kwenye karatasi zetu nyingi, zinazotumia milimoli kwa lita, ni kama 0.3. Chukua mtu mwenye LDL ya 4.0: anashuka hadi 3.7. Si haba, ila nyota kwenye karatasi haitoki.

Faida huonekana zaidi kwa anayetumia steroidi. Toronto, mwaka 1999, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa lupasi waliokuwa kwenye dozi ya steroidi isiyobadilika kisha wakaanzishiwa dawa ya malaria. Kolesteroli yote kwa jumla ilishuka kwa takriban asilimia 11 baada ya miezi 3, na asilimia 9 baada ya miezi 6. Yaani dawa hii inafuta sehemu ya uharibifu wa mwenzake. Trigliseridi pia hushuka kidogo. HDL ama inapanda kiduchu ama inakaa palepale.

Inafanyaje? Ndani ya seli kuna vifuko vyenye asidi vinavyomeng'enya LDL iliyoingizwa, na haidroksi huipunguza asidi hiyo. Kolesteroli inakwama mle ndani, seli inajiona ina njaa, inatoa mikono mingi zaidi ya kudaka LDL kwenye damu. Damu inasafishika kwa sababu seli imedanganywa. Dawa hii hupunguza pia kasi ya insulini kuvunjwa, ndiyo sababu sukari nayo hushuka. India ilifika hadi kuiruhusu kama nyongeza kwenye tiba ya kisukari cha aina ya pili. Ukiwa unatumia dawa za sukari, jua kwamba inaweza kukushusha kupita kiasi.

*Kwenye ugonjwa.* Kwa lupasi, hii ndiyo nguzo. Miongozo inataka karibu kila mgonjwa awe nayo isipokuwa kuna sababu ya kumzuia. Kwa baridi yabisi ni ya nguvu ndogo: inatosha pale ugonjwa ni mwepesi, la sivyo inaongozana na nyingine. Na haina haraka. Inajikusanya mwilini polepole, utaisubiri miezi 2 hadi 6. Wengi huiacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi, na wanaiacha ikiwa ndiyo kwanza inafika.

*Ulinzi.* Ni macho. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 60 anaishia miligramu 300, na kwa kuwa kidonge cha kawaida ni 200, wengi huambiwa wameze kimoja leo, viwili kesho. Nasisitiza hili kwa sababu naona karatasi za miligramu 400 kila siku zikiandikwa kwa dada wa kilo 50. Dozi ikizingatiwa, madhara kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni chini ya asilimia 1 katika miaka 5 ya mwanzo na chini ya asilimia 2 hadi miaka 10. Baada ya miaka 20 yanakaribia asilimia 20. Macho yapimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa 5. Mwenye figo dhaifu aanze mapema zaidi.

Moyo pia una neno lake: haidroksi hurefusha mwendo fulani wa umeme wa moyo, na ikikutana na dawa nyingine zenye tabia hiyo, azithromaisini ikiwamo, inaweza kuvuruga mapigo. Muwasho wa enzi za klorokwini huwapata baadhi ya watu hapa pia, na ngozi inaweza kuweka madoa meusi. Boksi likae mbali na watoto. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

*Uzazi.* Inaendelea wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Kwa mwenye lupasi, kuiacha ndiko kunakoleta balaa.

*Upatikanaji.* Mijini ipo, kwenye hospitali kubwa ipo, zahanati za pembezoni hupati. Mwaka 2020 iligombewa kwa ajili ya korona, na wagonjwa wa lupasi wakazunguka maduka bila kupata, hadi jaribio la RECOVERY la Uingereza lilipoonyesha mwezi Juni mwaka huohuo kwamba haikuwasaidia wagonjwa wa korona waliolazwa. Mpaka leo wapo wanaonunua ya miezi mitatu kwa mpigo, na nawaelewa.

*Inamfaa* mwenye lupasi karibu yeyote, mwenye baridi yabisi nyepesi, na anayelazimika kubaki kwenye steroidi. *Haimfai* mwenye tatizo la retina tangu awali, wala anayetafuta dawa ya kolesteroli tu bila kuwa na ugonjwa wa viungo au ngozi.

Methotreksati

*Kwenye mafuta.* Hapa ndipo ile hadithi ya kolesteroli inayopanda kwa kupona inapojidhihirisha. Mtu mwenye baridi yabisi kali akianza methotreksati, ndani ya miezi 6 LDL na HDL zake mara nyingi huongezeka. Kwenye karatasi ni habari mbaya. Kwenye mwili mara nyingi ni nzuri: moto umezimwa. Tafiti za kufuatilia wagonjwa kwa miaka zimeonyesha kwamba watumiaji wa methotreksati wenye baridi yabisi hupata matatizo machache ya moyo kuliko wasioitumia.

Ila tusizidishe. Jaribio la CIRT, lililochapishwa mwaka 2019, liliwapa methotreksati ya dozi ndogo watu zaidi ya 4,700 wenye ugonjwa wa moyo pamoja na kisukari au sindromu ya kimetaboliki (kitambi, shinikizo, sukari na mafuta kupanda kwa pamoja), bila baridi yabisi. Haikuwapunguzia chochote. Methotreksati inaulinda moyo kwa kuutuliza ugonjwa wako. Kama ugonjwa huo huna, haina cha kutuliza.

Kuna jambo la kuvutia kutoka utafiti wa TEAR wa Marekani. Waliopewa mchanganyiko wa methotreksati, salfasalazini na haidroksi walimaliza wakiwa na LDL ya chini na HDL ya juu kuliko waliopewa methotreksati peke yake, na hata kuliko waliopewa methotreksati pamoja na sindano ya gharama ya etanasepti. Kwa nchi zetu, ambako sindano hizo ni za wachache, hii ni taarifa ya kubandika ukutani.

*Kwenye ugonjwa.* Kwa baridi yabisi ya kati au kali, hii ndiyo inayotangulia. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 4 hadi 8, inakamilika kadiri dozi inavyopandishwa. Kwa lupasi hutumika zaidi kwenye viungo na ngozi.

*Ulinzi.* Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu hufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku, iandike kwenye boksi, mwambie na mtu wa nyumbani. Utapewa foliki asidi pamoja nayo. Damu, ini na figo vipimwe kila baada ya wiki chache mwanzoni, baadaye kila miezi 3 hivi. Pombe iachwe au ipunguzwe sana. Na sikiliza hili kama umewahi kununua dawa bila cheti: Septrin haiendi na methotreksati. Zote mbili zinakaba foliki, na uboho unaweza kuacha kutengeneza damu. Ile SP ya zamani ya malaria, ambayo leo hutolewa kliniki ya wajawazito, nayo ni ya kundi hilohilo.

*Uzazi.* Ni marufuku wakati wa ujauzito. Iachwe mwezi 1 hadi 3 kabla ya kutafuta mtoto, na muda wote unapoitumia uzazi wa mpango uwe wa uhakika.

*Upatikanaji.* Vidonge si ghali sana. Gharama yake kubwa ni vipimo: mtu anapata dawa ya mwezi kwa fedha anayoimudu, halafu nauli na maabara vinamzidi, anaacha kupima. Bora useme mapema kwamba vipimo hutaviweza.

*Inamfaa* mwenye baridi yabisi inayovimbisha viungo vingi na anayeweza kufika maabara. *Haimfai* mwenye ini bovu, mnywaji, anayetafuta mimba, wala anayeishi mbali kiasi kwamba hatapima damu kabisa.

Prednisoloni

*Kwenye mafuta.* Inapandisha. Michelle Petri na wenzake wa Baltimore, mwaka 1994, waliwafuatilia wagonjwa wa lupasi kwa muda mrefu na kukuta kwamba kila nyongeza ya miligramu 10 ya prednisoni, pacha wa prednisoloni, iliendana na kolesteroli kupanda kwa miligramu 7.5 kwa desilita, kama 0.2 kwa namba zetu, na uzito kupanda kwa kama kilo 2 na nusu. Haidroksi kwenye kundi hilohilo iliivuta kolesteroli upande wa pili kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Trigliseridi nazo hupanda. HDL hupanda pia, jambo ambalo watu hulishika kama faraja, lakini sukari, shinikizo la damu na kitambi vinavyokuja pamoja vinaila faraja hiyo.

*Kwenye ugonjwa.* Hakuna inayoikaribia kwa kasi. Mtu aliyekuwa akivalishwa nguo na binti yake anaamka siku ya pili anafunga vifungo mwenyewe. Lupasi inapovamia figo, ubongo au mapafu, prednisoloni na ndugu zake wa sindano huokoa maisha, na siku hiyo hakuna mwenye haki ya kuzungumzia kolesteroli. Shida ni kwamba utamu huo wa siku ya pili ndio unaowafanya watu wakae nayo miaka.

*Ulinzi.* Shinikizo la damu, sukari, mifupa, mtoto wa jicho, maambukizi. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Kama umeitumia zaidi ya wiki 3 usiikate ghafla, ishushwe kwa hatua, maana mwili umeacha kutengeneza ya kwake. Miongozo ya Ulaya ya lupasi inalenga miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo, na ikiwezekana iachwe.

*Uzazi.* Dozi ndogo huruhusiwa kwenye ujauzito kwa uangalizi.

*Upatikanaji.* Ipo kila mahali na ni rahisi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Steroidi hizi baadhi ya watu huzinunua kwa siri ili wanenepe mashavu. Na ukikutana na unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu ya viungo kwa siku moja, shuku kwamba steroidi imesagiwa humo. Kama umewahi kuutumia, mwambie daktari anayeshangaa kwa nini mafuta yako na sukari vimepanda pamoja.

*Inamfaa* mwenye mlipuko wa ugonjwa unaohitaji kuzimwa leo, au anayesubiri dawa ya polepole ianze kazi. *Haimfai* mtu wa kuifanya dawa yake ya kudumu kwa sababu tu inapatikana dukani karibu na kituo cha daladala.

Na statini je?

Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, haishindani na hizo tatu, kwa kuwa haitibu viungo wala lupasi. Lakini lazima itajwe, kwa sababu nyuma ya swali la "niitumie haidroksi kwa ajili ya lehemu?" kuna hofu ya kuanzishiwa statini. Tofauti ya nguvu ni kubwa. Atovastatini ya dozi ya kati hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 49, dozi kubwa asilimia 50 na zaidi. Yule mtu wetu wa LDL 4.0 anayeshuka hadi 3.7 kwa haidroksi, kwa atovastatini anaweza kufika 2.4 au chini yake. Ukishawahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, au una kisukari na umevuka miaka 40, haidroksi haiwezi kushika nafasi hiyo. Zinaweza kutumika pamoja. Maumivu ya misuli yakija, usiamue mwenyewe kwamba ni baridi yabisi, sema. Kwa anayetafuta mimba, statini kwa kawaida husimamishwa.

Kulingana na hali yako

Una lupasi, hujawahi kuandikiwa haidroksi, na mafuta yako juu: hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza daktari. Hapo huchagui kati ya haidroksi na nyingine, unauliza kwa nini haipo. Nafuu ya mafuta itakuja kama nyongeza dukani.

Una baridi yabisi nyepesi, viungo viwili vitatu, na daktari anasema haidroksi au methotreksati zote zinakubalika: kama kolesteroli na sukari vinakuelemea na unatarajia mtoto, mizani inaegemea haidroksi. Kama mikono imeanza kupinda, usitafute dawa kwa kuangalia karatasi ya mafuta. Methotreksati kwanza, kolesteroli ishughulikiwe kwa njia yake. Kama unaziweza zote mbili, omba mjadala wa mchanganyiko.

Uko kwenye prednisoloni miligramu 10 au zaidi kwa miezi na mafuta yamepanda: uliza mambo mawili kwa pamoja, jinsi ya kuishusha na kama haidroksi inaweza kuongezwa. Usiishushe mwenyewe nyumbani.

Ulianza methotreksati, viungo vimetulia, na kolesteroli imetoka 4.6 hadi 5.4: usiitupe dawa. Rudia kipimo baada ya miezi 3, maabara ileile, kisha hatari ya moyo ikokotolewe upya kwa namba za sasa, wakati ugonjwa umetulia. Trigliseridi zikiwa juu sana, rudia ukiwa hujala tangu usiku.

Huna lupasi wala baridi yabisi, una kolesteroli tu na umesikia kuna dawa ya malaria inayoshusha: hii haikuhusu. Kuhatarisha retina kwa ajili ya 0.3 ni biashara ya hasara. Uliza statini, na upunguze mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara tano.

Na uko kwenye haidroksi, umeshikwa na homa. Usijiambie kwamba una dawa ya malaria mwilini kwa hiyo malaria haiwezekani. Vimelea vya kwetu viliizoea klorokwini zamani, na ndugu yake hakukingi. Nenda ukapimwe. Ukikutwa na malaria, kabla hujapewa dawa mseto toa boksi lako umwonyeshe anayekuhudumia, kwa sababu lumefantrini iliyomo humo nayo hugusa umeme wa moyo, na yeye ndiye ataamua kama unahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo), uangalizi wa karibu au dawa nyingine.